Fangasi sugu haliondoki kwa kuongeza dozi

Makala moja inasema ati mgonjwa wa saratani ya damu akipata fangasi baada ya tibakemikali na flukonazoli, dawa ya fangasi, isimsaidie, aongezewe tu dozi: hapo imepotoka. Kandida krusei, aina mojawapo ya fangasi, kwa maumbile yake haisikii flukonazoli, na aspagilasi, fangasi la mapafu, hata umpe mgonjwa kopo zima halishtuki. Nyutrofili (chembe nyeupe za kinga) zikiwa chini ya 500 kwa mikrolita ya damu na homa ikaendelea siku 4 hadi 7 licha ya antibiotiki kali, dawa ya fangasi huanzishwa au hubadilishwa, huku damu imeshapelekwa maabara kuoteshwa vijidudu na kifua kimepigwa sitiskani (eksirei huchelewa kuonesha). Ikiwa dawa ya fangasi iliyopo ni amfoterisini B ya kawaida, ni miligramu 0.7 hadi 1 kwa kilo kwa siku, na ichanganywe kwenye dripu ya glukosi 5% peke yake. Ukiitia kwenye maji ya chumvi inaganda. Maji ya chumvi hutangulia kwa dripu yake mbali, nusu lita hadi lita moja, kuzilinda figo. Potasiamu na magnesiamu, chumvi za damu, zipimwe kila mara, zikishuka moyo hupiga ovyo. Vorikonazoli, dawa nyingine ya fangasi, ndiyo bora kwa aspagilasi, lakini kwa aliyechomwa vinkristini, dawa ya saratani, karibuni ni hatari: huzuia ini kuivunja hiyo vinkristini, mtu akafunga choo, miguu ikafa ganzi. Wenzangu wa Wete na Mkoani huko Pemba, potasiamu mnapimisha wapi Ijumaa jioni?