Leo nisile nini?

Waswahili wanasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa miaka mingi nilikula hotelini nikiwa nimeishika methali hiyo kama msahafu: mhudumu akianza kunisifia chakula kabla sijafungua menyu, chakula hicho nilikiepuka. Nilijua, au nilijidai najua, kwamba kinachosifiwa sana ni kile kilicholala tangu jana na sasa kinatafutiwa tumbo la kuingia. Siku moja nikajitia uungwana, nikakubali "chakula maalumu cha leo" kwenye mgahawa mmoja ambao sitautaja. Samaki aliletwa amefunikwa rojo hata mkia hauonekani. Rojo zito namna ile huwa lina kazi yake, na kazi hiyo niliijua vizuri kuanzia saa sita za usiku hadi alfajiri.

Siku hizi nina maoni mengine, na aliyenibadilisha ni mama mmoja anayeendesha mgahawa mdogo mtaani pamoja na mumewe. Hakunibadilisha kwa chakula alichonisifia. Alinibadilisha siku aliyoninyima.

Nilikuwa nimeagiza saladi ya nyanya. Akanitazama kidogo, akasema, "Mwanangu, nyanya acha. Za leo ni rangi tu." Akaingia jikoni, akarudi na nyanya moja na kisu, akaipasua palepale mezani. Nje ilikuwa nyekundu ya kupendeza. Ndani kuta zake nyeupe, ngumu, mbegu zimekaa zimekauka, na ubao wa kukatia haukulowa hata tone. "Haya, nusa hapo kwenye kikonyo," akaniambia. Nikanusa. Ilinuka maji ya bomba. "Iliyoivia shambani inanukia hapo kwanza. Rudi baada ya wiki tatu, nitakwambia mwenyewe."

Baadaye nilikwenda kusoma kwa nini. Nyanya nyingi zinazosafirishwa mbali huchumwa zikiwa bado kijani na ngumu ili zisipondeke njiani, kisha huivishwa kwa gesi ya ethilini, gesi ileile ambayo tunda lenyewe huitoa likianza kuiva. Rangi inakuja kwa wakati, lakini sukari ambayo mche ungeendelea kuliletea tunda ilikatika siku ya kuchumwa. Halafu zikiwekwa kwenye friji, baridi ya chini ya nyuzi 12 hivi inapunguza ile harufu kidogo iliyobaki. Yule mama hajawahi kulitamka neno ethilini mbele yangu. Yeye ana kikonyo na pua, na vinamtosha.

Tangu siku ile akiniambia "leo kula hiki", nakula. Mwenye mgahawa ambaye hajawahi kusema "hiki acha", sifa zake zote zina uzito mmoja, yaani hazina uzito. Ndiyo maana naziona taarifa nyingi za "vyakula vya msimu" zinazobandikwa milangoni kuwa ni kelele. Zimejaa maneno kama kitamu, cha kipekee, kilichoandaliwa kwa upendo. Hakuna mgahawa duniani utakaoandika kwamba cha kwao kimeandaliwa kwa kinyongo. Taarifa ninayoitaka mimi ni fupi na ina habari ndani yake: maharage mabichi yameanza kuingia, yatakuwepo kama wiki nne, tunayapika kwa kitunguu na chumvi tu kwa sababu bado ni machanga. Nikishasoma hivyo sihitaji kuambiwa ni matamu.

Rafiki yangu mmoja, mtu wa mahesabu, ananicheka. Anasema huyo mama anakusifia kinachomletea faida. Namjibu ndiyo, hasa! Migahawa mingi hujitahidi gharama ya malighafi isizidi karibu asilimia 30 ya bei anayolipa mteja. Zinazobaki zinaliwa na kodi ya jengo, mishahara, gesi na sahani zinazovunjika. Msimu ukifika mazao yanafurika, bei ya jumla inashuka, na ladha iko kileleni, vyote ndani ya wiki hizohizo. Huo ndio wakati mfuko wa mwenye mgahawa na ulimi wangu vinavuta kamba upande mmoja. Msimu ukipita, yeye ananunua kwa bei kubwa, mimi nakula kitu kisicho na ladha, na menyu iliyochapishwa inaendelea kuonyesha bei ileile kana kwamba hakuna kilichotokea. Anayenisifia sahani hiyo wakati huo ndiye wa kumwogopa, kwa kuwa hata yeye haimfaidishi. Anaitaja kwa mazoea.

Menyu yenyewe ni ugomvi wangu mwingine. Ile ndefu ya karatasi ngumu iliyopigwa plastiki, vyakula 80, mwaka mzima. Jiko lenye watu watatu haliwezi kupika vyakula 80 vibichi. Linaweza kuyeyusha vyakula 80.

Sasa turudi kwenye ile methali, maana nimeanza kuitilia shaka. Chema hakijiuzi kama hakuna anayejua kimefika. Chukua mahindi mabichi. Hindi likishavunjwa kwenye bua, sukari yake inaanza kugeuka wanga, na joto linaharakisha kazi hiyo. La leo asubuhi na la juzi ni vyakula viwili tofauti hata kama yanafanana kwa kila kitu machoni. Mgahawa ukiyapata asubuhi, una saa chache za kumwambia mtu. Ikibidi nisubiri hadi nipite na kuyaona kwa bahati, nitakuta wanga. Habari za msimu nazo zinaoza kama mboga, na mwenye mgahawa anayekaa kimya kwa kiburi cha "wanaojua watakuja" anatupa chakula.

Wakubwa wa kazi hii waliligundua hilo zamani, wakalitengenezea heshima. Mpishi Alice Waters alifungua mgahawa wa Chez Panisse huko Berkeley, California, mwaka 1971, na mezani pale ilikuwa unaletewa mlo mmoja uliopangwa kwa siku ile, kesho unabadilika. Mgahawa wa Noma wa Copenhagen, Denmark, ulipofunguliwa upya mwaka 2018 uliugawa mwaka wake mara tatu: kipindi cha vyakula vya baharini, kipindi cha mboga, kipindi cha wanyamapori na msitu. Ukifika kipindi cha mboga ukadai nyama, shauri yako. Lakini hao wana majina, watu wanapanda ndege kuwafuata. Wa mtaani kwetu, pale unapoingia na kandambili, ana kitu ambacho wale hawana: anakujua. Anajua ulikula nini Jumanne na ulibakiza nini. Pendekezo la mtu wa namna hiyo halifai kuwa tangazo la watu wote.

Niseme pia kwamba kiporo hakinisumbui kikitajwa kwa jina lake. Mama akisema, "Supu ya leo ni ya kuku wa jana, mifupa imechemka usiku kucha," naagiza bakuli kubwa. Kilichonitesa usiku ule wa rojo hakikuwa jana yake. Ni kule kuitwa "maalumu".

Mume wake, ambaye wote tunamwita Mzee, hakubaliani na mkewe katika jambo moja. Mama anataka ubaoni paandikwe na visivyokuwepo: nyanya bado, samaki wametoka kutaga, wamekonda, subirini. (Ni kweli, samaki akitayarisha mayai anayatumia mafuta ya mwili wake mwenyewe, na akishayataga nyama inabaki imelegea, ina maji.) Mzee anasema ubao wa namna hiyo unafukuza wateja. "Mtu kaja na wanawe watatu wana njaa, unampokea kwa bado, subirini, hakuna? Atauliza hapa kuna nini sasa." Wanabishana hivyo mbele ya wateja, chaki ikiwa mkononi mwa mama, kitambaa mkononi mwa Mzee, na ubao unaandikwa na kufutwa mara mbili kabla ya chakula cha mchana. Mzee ana hoja, siwezi kumkatalia. Mtoto mwenye njaa hana haja na hadithi ya kutaga mayai. Hata hivyo mimi niko upande wa mama, na nadhani mgahawa ule umejaa kwa sababu ya ule ukaidi wake kuliko kwa mapishi ya Mzee, ingawa sitathubutu kumwambia hivyo akiwa na mwiko mkononi.

Zile wiki tatu zilitimia. Asubuhi nilipita nikielekea kazini, nikaona ubaoni kwa herufi kubwa: NYANYA ZIMEFIKA. Nikajiambia nitarudi mchana. Mchana kazi zikanishika, jioni nikaja nakimbia, jasho linanitoka. Mzee alikuwa amesimama mbele ya ubao na kitambaa chake, amebakiza NYA.

"Zimeisha saa nane, mwanangu," mama akasema kutoka dirisha la jikoni. "Kesho ziko nyingine. Wahi."

Nikavuta kiti. "Haya mama, na leo nisile nini?"

Akageuka kumtazama Mzee, akahakikisha amempa mgongo, kisha akainama dirishani na kushusha sauti.

"Samaki."