Tetemeko la Sparta: Lawama ya Ardhi na Lawama ya Watu

Mnamo mwaka 464 KK hivi, tetemeko kubwa la ardhi liliipiga Sparta, mji wa kijeshi wa Ugiriki ya kale. Plutarch, mwandishi wa wasifu aliyeandika karne nyingi baadaye, anasema zilibaki nyumba tano tu zimesimama. Mwanahistoria Diodorus anataja vifo zaidi ya 20,000. Tarakimu hizo zipokelewe kwa tahadhari, lakini mwanahistoria Thucydides, aliyeishi karne hiyohiyo, anathibitisha uzito wa yaliyofuata. Je, ardhi ndiyo iliyogeuza siasa za Ugiriki, au ilifichua tu yaliyokuwa yameiva?

Wanaolitaja tetemeko kuwa chanzo wana hoja nzito. Sparta ililishwa na maheloti, wakulima wa Laconia na Messenia waliofanywa watumwa katika ardhi ya babu zao, ili mabwana wao washughulike na vita peke yake. Mji ulipoporomoka, maheloti waliasi, hasa Wamessenia, wakajichimbia katika mlima Ithome. Inasimuliwa kwamba mfalme Archidamus alipiga baragumu ya vita wakati watu wakihangaika kuokoa mali zao, na silaha walizozikimbilia ndizo zilizowanusuru. Athens, mji mwingine mkubwa wa Ugiriki, nayo ilipona pasipo kujua. Kisiwa cha Thasos kilikuwa kimeiasi, na Sparta ilikuwa imekiahidi kwa siri kwamba itaivamia Attica, eneo la Athens. Baada ya tetemeko, ahadi hiyo haikutimizika.

Hata hivyo, chuki ya maheloti haikuzaliwa siku ile. Wasparta wenyewe waliamini Poseidon, mungu wa bahari na matetemeko, amewaadhibu kwa sababu waliwatoa maheloti waliokimbilia hekalu lake huko Taenarum, wakawaua. Ukiiondoa miungu katika maelezo hayo, kinachobaki ni ungamo: walijua walichowatendea watu wale. Inaniuma kwamba waandishi wa kale wanatuhesabia nyumba za mabwana, ilhali maheloti waliofukiwa au kuuawa hawana hata tarakimu ya kukisia.

Suala la idadi ya raia ni gumu zaidi. Mwanahistoria Herodotus anasema Sparta ilikuwa na wanaume raia wapatao 8,000 mwaka 480 KK. Mwanafalsafa Aristotle, akiandika karne iliyofuata, anasema walishuka chini ya 1,000, na kwamba mji uliangamia kwa uhaba wa watu. Wapo wanaoanzia anguko hilo kwenye tetemeko, na bila shaka pigo lilikuwa kubwa. Lakini Aristotle analaumu umiliki wa ardhi: mashamba yaliishia kwa wachache, na aliyeshindwa kutoa mchango wake wa chakula cha pamoja alipoteza uraia. Tetemeko huua mara moja. Sheria ile iliendelea kuwapunguza raia kizazi baada ya kizazi. Hapa naegemea upande wa Aristotle.

Kwangu mimi, mgeuko wenyewe ulitokea Ithome. Sparta iliomba msaada wa washirika wake, Athens ikiwemo. Ephialtes, mwanasiasa wa mageuzi, aliwasihi watu wa Athens wasiunyanyue mji hasimu, lakini jemadari Cimon aliwashawishi, akaongoza jeshi ambalo mtunzi wa tamthilia Aristophanes analitaja kuwa la askari 4,000. Ngome haikuanguka. Ndipo Wasparta, wakihofia kwamba wageni hawa wenye mawazo ya mageuzi wangeweza kugeukia upande wa waasi, wakawarudisha wao peke yao kati ya washirika wote, kwa kisingizio kwamba hawahitajiki tena. Fedheha hiyo ilimmaliza Cimon: mwaka 461 KK alifukuzwa mjini kwa kura za vigae, yaani kura za raia zilizoandikwa kwenye vipande vya vyungu. Baraza la Areopagus, ngome ya wakubwa wa Athens, lilinyang'anywa sehemu kubwa ya mamlaka yake na Ephialtes, naye akauawa muda mfupi baadaye. Athens ikavunja ushirika na Sparta, ikaungana na Argos, adui wa Sparta wa siku nyingi. Bila tetemeko jeshi lile lisingeitwa, lakini kulirudisha kulikuwa uamuzi wa watu wazima wenye akili timamu.

Waasi walitoka Ithome kwa mapatano kwamba wasirudi tena Peloponnesus, rasi ya kusini ilipo Sparta, na Athens ikawapa makazi katika mji wa Naupactus. Mwaka 425 KK, Athens na Sparta zikiwa vitani, katika kisiwa cha Sphacteria kamanda wa Wamessenia hao aliwaongoza wapiganaji kupitia majabali hadi nyuma ya Wasparta. Wakatekwa watu 292, wakiwemo raia kamili wa Sparta wapatao 120, na Sparta ikatuma wajumbe tena na tena kuwaomba warudishwe.