Masizi kwenye koti la zimamoto sio sifa, ni sumu

Kila nikiona picha ya zimamoto katoka kwenye moto, uso mweusi tii, koti limejaa masizi, na chini yake watu wanaandika shujaa shujaa, roho inaniuma. Shujaa ni kweli, sibishi, ila hayo masizi tunayoyasifia ndo yanakuja kumdhuru baadaye.

Mwaka 2022 IARC, wale watafiti wa saratani wa WHO, waliiweka kazi ya kuzima moto kundi la 1, yaani inasababisha saratani kwa uhakika, kundi lilelile la sigara na asbesto. Mwaka 2007 walikuwa bado wanasema "huenda". Ushahidi wa kutosha wameukuta kwenye saratani ya kibofu cha mkojo na ile ya utando wa mapafu.

Sasa wengi wanadhani ukivaa maski na mtungi wa hewa umemaliza kazi. Hapana jamani, sumu inapita hadi kwenye ngozi, hasa shingoni pale kofia ya kitambaa inapokutana na kola, na mtu mwenyewe kashapata joto jasho linamtiririka. Halafu koti likishatoka kwenye moto linaendelea kutoa gesi, mkilitupia ndani ya gari mnaivuta hiyo gesi wote njia nzima mpaka kituoni.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba kulisafisha sio kazi ngumu. Watafiti Marekani walipima makoti, kulisugua kwa brashi kavu kuliondoa kama asilimia 23 tu ya zile kemikali za moshi, ila maji na sabuni, palepale kabla mtu hajavua, asilimia 85. Ndoo, sabuni, brashi, dakika chache, basi!

Moyo nao tusiusahau. Utafiti wa 2007, hukohuko Marekani, ulionyesha karibu theluthi ya vifo vya moyo vya zimamoto wakiwa kazini vilitokea wakati wa kuzima moto, na kuzima moto kwenyewe kunachukua asilimia 1 mpaka 5 tu ya muda wao kazini, maana mtu anatoka usingizini king'ora kinalia na ghafla anabeba mzigo kwenye joto kali. Ndo maana nasema mazoezi na kupimwa moyo viwe ndani ya zamu, visiachwe kwa anayejisikia.

Na kila zimamoto apewe nguo seti mbili, maana mwenye moja hawezi kuifua wakati kengele inaweza kulia saa yoyote.