Muuzaji mdogo asiyesponsa ana hoja

Kwa wafanyabiashara wa mtandaoni Tanzania, ubishi wa kusponsa, yaani kulipia tangazo mtandaoni, umefika mahali pa kudharauliana. Upande mmoja wako wanaofundisha matangazo ya kulipia ya Facebook na Instagram, na kauli yao inajulikana: mauzo hayaendi, sponsa, umesponsa na bado hayaendi, basi hujajua kusponsa. Upande wa pili wako wauzaji waliojaribu wakaacha, na hawa huitwa wabahili, watu wasiotaka kukua. Naona hawa wa pili wameonewa.

Wanaofundisha wana mengi ya kweli, na ni haki kuyasema kwanza. Enzi ya kuposti bure na wafuasi wote wakaona imekwisha. Januari 2018 Mark Zuckerberg alitangaza kuwa Facebook itatanguliza posti za ndugu na marafiki mbele ya zile za kurasa za biashara, na anayeanza leo bila wafuasi anaweza kuposti mwezi mzima akaonwa na watu walewale. Kwa dola chache kwa siku, tangazo linawafikia wanawake wa Dar es Salaam wa umri anaoutaka, na kitufe cha chini kinawaleta moja kwa moja WhatsApp yake. Redio haimpi muuzaji wa sebuleni nafasi hiyo kwa bei hiyo. Anaweza hata kupima soko kabla ya kuagiza mzigo: aweke picha za viatu vya aina mbili, aone vipi vinaulizwa zaidi. Hayo siyabishi.

Swali ni pesa inarudije. Tuchukue mfano wa dada anayeuza mikoba. Anaichukua Kariakoo kwa shilingi 28,000, anauza 40,000, nauli ya bodaboda analipa mteja. Faida yake ni 12,000 kwa mkoba. Anasponsa dola 5 kwa siku kwa wiki moja, jumla dola 35. Tukiikadiria dola kwa shilingi 2,600, hizo ni 91,000. Juu yake kuna VAT ya asilimia 18, kwa sababu Sheria ya Fedha ya 2022 ilizitaka kampuni za nje zinazouza huduma za mtandaoni zijisajili na kuitoza. Sasa ni 107,380. Tuseme tangazo limefanya vizuri na kila meseji imemgharimu shilingi 1,000 kabla ya kodi: amepata watu 91 wanaouliza bei. Mmoja kati ya kila kumi akinunua, ameuza mikoba 9 na faida yake ni 108,000. Toa gharama ya tangazo. Amebakiwa na shilingi 620.

Shilingi 620 kwa wiki nzima ya kujibu watu 91, wengine usiku wa manane, na hapo sijagusa bando. Mikoba 9 imeuzika, kwa hiyo kwa nje biashara inaonekana imechangamka. Mteja mmoja tu akimpokea bodaboda kwa "nimebadilisha mawazo", nauli ya kwenda na kurudi inamrudia muuzaji na wiki inageuka hasara. Asiye na kadi yake ya kulipia mtandaoni humpa mtu mwingine amsponsie, na huyo naye anataka chake. Wauzaji wengi hawajawahi kuandika hesabu hii kwenye daftari, lakini wanaijua kwa kuona mtaji unavyopungua huku simu haiachi kuita.

Mwalimu atajibu: piga picha nzuri zaidi, badilisha maneno, lenga watu sahihi. Yuko sahihi kiasi. Meta, kampuni yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, huendesha mnada wa nafasi za matangazo, na anayeshinda si lazima awe mwenye dola nyingi. Mfumo unatazama pia uwezekano wa mtu kuchukua hatua na ubora wa tangazo lenyewe. Meseji ikishuka kutoka shilingi 1,000 hadi 700, pesa ileile inaleta watu 130, mikoba 13, na baki ya shilingi 48,620. Ni nafuu ya kweli. Ila hesabu hiyo imechukulia kwamba wale 39 walioongezeka wana nia ya kununua kama wale wa kwanza, na hapo ndipo pana jambo ambalo sioni likifundishwa.

Mfumo wa matangazo hujifunza kutokana na matokeo. Meta yenyewe inaeleza kuwa tangazo huhitaji takribani matokeo 50 ndani ya wiki ili litulie. Lakini matokeo ni kile ulichokichagua ulipoliweka. Duka la Ujerumani au Marekani lina tovuti. Mteja anabonyeza, analipa kwa kadi, na tovuti inairudishia Meta taarifa kwamba huyu amenunua. Mfumo unakwenda kutafuta wanaofanana naye. Huku kwetu mteja anaingia WhatsApp, anauliza bei, anaomba apunguziwe, anapotea siku mbili, anarudi, anatuma pesa kwa simu au anampa bodaboda mkononi. Meta imeona maongezi yameanza. Pesa haijaiona. Kwa hiyo kesho inamtafutia muuzaji watu wengine wenye tabia ya kuanzisha maongezi, na hao ndio wale wa "bei gani?" wanaoacha tiki mbili za bluu na kimya. Ameomba meseji, ameletewa meseji.

Uzito wa jambo hili Meta wenyewe wameueleza kwa pesa. Aprili 2021 Apple ilianza kuwauliza watumiaji wa iPhone kama wanakubali kufuatiliwa kutoka programu moja hadi nyingine, na Februari 2022 Meta ikawaambia wawekezaji kuwa mabadiliko hayo yangeipunguzia mapato ya mwaka ule kwa kiasi cha dola bilioni 10. Dola bilioni 10, kwa sababu sehemu ya taarifa za wanunuzi ilikatika. Dada wa mikoba hajawahi kuwa na taarifa hizo hata siku moja. Yeye anatangaza gizani tangu mwanzo, halafu anaambiwa hajui kusponsa.

Kuna na imani. Mnunuzi wa hapa amesikia mno habari za waliotuma pesa wakafungiwa namba, na neno la "imedhaminiwa" juu ya picha halimtulizi. Ana sababu. Novemba 2025 shirika la habari la Reuters liliripoti, kwa kutumia nyaraka za ndani za Meta, kwamba kampuni hiyo ilikadiria karibu asilimia 10 ya mapato yake ya 2024 yangetokana na matangazo ya utapeli na bidhaa zilizopigwa marufuku. Meta ilisema makadirio hayo yalikuwa ya juujuu na yalijumuisha mno. Hata ukiyapunguza, muuzaji mwaminifu analipia nafasi pembeni ya matapeli na anafika kwa mtu ambaye tayari ana wasiwasi. Anayeletwa na shoga yake, au aliyeona mkoba begani mwa mfanyakazi mwenzake, hana wasiwasi huo. Mara nyingi hata bei habishani sana.

Basi tangazo la kulipia linamfaa nani? Linamfaa mwenye faida pana kwa kila mauzo. Fundi wa mapazia anayebakiwa na 80,000 kwa oda moja anahitaji wateja wawili tu kurudisha ile 107,380 na kupata cha juu. Linamfaa pia anayeuza kinachoisha na kurudiwa, kama unga wa lishe au mafuta ya nywele, maana mteja wa kwanza anaweza kuwa hasara na bado akalipa kwa miezi inayofuata. Mkoba mmoja wa mwaka hauna nafasi hiyo, hata ungepigwa picha na nani.

Na hata kwa muuzaji wa mikoba mlango haujafungwa moja kwa moja. WhatsApp Business ina lebo, na moja ni ya waliolipa. Akiwawekea lebo hiyo wanunuzi wake wa kweli, siku moja anaweza kupandisha orodha ya namba zao kwenye Meta na kuomba atafutiwe wanaofanana nao; mfumo unataka angalau watu 100 wa nchi moja ndani ya orodha. Awaombe ridhaa kwanza, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023 na namba ya mteja si mali ya duka. Watu 100 walionunua wanaupa mfumo kitu ambacho maelfu ya "bei gani?" hawawezi kuupa. Ila hao 100 watapatikana kwa kuelekezana, kwa status, kwa mzigo kufika ulivyoahidiwa, na kazi hiyo ndiyo wanayoifanya wengi wa hawa wanaoitwa wabahili. Anayetoza ada kuwafundisha kusponsa angeanza kwa kuwauliza kila bidhaa inawabakishia shilingi ngapi, na wanaobakiwa na 12,000 angewaambia ukweli kabla hajapokea ada yao.