Afisa kijana: apewe jukumu mapema au asubiri aive?

Kijana anayetoka Monduli, kwenye chuo cha maafisa wa jeshi, na nyota moja begani, yaani Luteni Usu, huwa na miaka ishirini na kitu. Hajakaa sana anakabidhiwa platuni: askari kama thelathini, na baadhi yao walivaa gwanda yeye akiwa bado shule ya msingi. Wanampigia saluti, wanamwita afande. Kwa cheo yeye ndiye mkubwa wao. Kwa kuijua kazi, hata koplo wa seksheni, kikundi kidogo ndani ya platuni, anamwacha mbali.

Ubishi unaanzia hapo, na si wa jana. Wapo wanaosema uongozi hujifunzwa kwa kuongoza, kwa hiyo Luteni Usu apewe mzigo akiwa bado mbichi. Wengine wanasema askari si watu wa kujifunzia, aanze kwanza kula vumbi.

Wa kwanza wanaye mtu wa kumtaja. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la nchi la wakati huo, waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo tunaiita Lugalo. Walitaka mishahara ipande na maafisa wa Kiingereza waondoke. Uasi ulipozimwa na jeshi lile kuvunjwa, Mwalimu Nyerere hakuwa na safu ya makanali wazalendo wa kuchagua. Alimkabidhi jeshi jipya Mrisho Sarakikya, mhitimu wa Sandhurst, chuo cha maafisa cha Uingereza, aliyekuwa na umri wa miaka kama 30. Aliliongoza hadi 1974, na halikuasi tena.

Mfano mzuri, lakini wanaoupenda huusimulia nusu. Tanganyika Rifles ilikuwa na betalioni mbili tu. Sarakikya alikabidhiwa jeshi dogo likiwa linaanza upya, akakua nalo. Kijana wa leo anaingia katika jeshi lenye brigedi na divisheni, ambako mtu akiruka ngazi hana pa kuirudia.

Upande wa pili wanamtaja David Musuguri. Huyu aliingia King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, mwaka 1942 akiwa askari wa kawaida, akapanda kidogo kidogo. Vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, vilimkuta akiwa mtu mzima, akaongoza Divisheni ya 20 ndani ya Uganda. Tarehe 10 Machi 1979 pale Lukaya, Brigedi ya 201, iliyojaa mgambo ambao wengi wao hawakuwahi kuonja vita, ilivunjika ilipomiminiwa maroketi ya Katyusha, watu wakatawanyika. Kesho yake brigedi hiyohiyo ilikuwa imejipanga upya na kusonga mbele, huku Brigedi ya 208 ikiwa imezunguka ubavuni mwa adui. Utulivu wa aina hiyo haupatikani darasani, na aliyekuwa nao alifanywa Mkuu wa Majeshi mwaka 1980.

Sawa. Ila kuwakusanya watu waliokimbia hakufanywi na jenerali peke yake. Anayepita huku na kule akiita majina na kuhesabu bunduki ni kiongozi wa platuni na masajenti wake. Kwa hiyo Lukaya haimbebi mzee peke yake.

Tena kuna jina ambalo wapenzi wa njia ndefu hawalitaji. Idi Amin naye alipita hukohuko: aliingia King's African Rifles mwaka 1946, akahenya kwenye vyeo vya chini miaka mingi, akapewa kamisheni, yaani uafisa, mwaka 1961. Mwaka 1964 alikuwa tayari naibu kamanda wa jeshi la Uganda. Vumbi alikula la kutosha. Alichokikosa ni miaka ya uluteni na ukapteni, ile ambayo afisa hukosea akiwa na mtu juu yake wa kumrekebisha. Ndiyo maana mimi sioni kama umri au idadi ya miaka kazini ndiyo hoja. Hoja ni miaka ile ya mwanzo inavyotumika.

Chukua doria ya kawaida. Luteni Usu ana ramani na dira, anataka kufika kwenye alama kabla giza halijaingia. Askari wamechoka, ila hakuna anayesema. Sajenti anamsogelea, anateremsha sauti: "Afande, unaonaje tukisimama kidogo hapa penye kivuli, vijana wanywe maji?" Ni swali kwa umbo tu. Luteni mwenye akili anajibu, "Sawa Sajenti, dakika kumi," na amri inatoka kinywani mwake, mbele ya watu wake. Asiye na akili anasikia dharau. Baada ya mwezi hakuna sajenti atakayemwuliza tena kitu, na hapo ndipo atakapoanza kupotea porini kweli.

Siku hizi wahitimu wengine wa Monduli wanatoka na shahada ya sayansi ya kijeshi. Sina ugomvi na shahada. Ulinzi wa amani unahitaji afisa anayeweza kuandika ripoti safi na kuzielewa sheria za vita. Lakini tukumbuke Semuliki, Kongo, Desemba 2017: kituo cha ngazi ya kombania, yaani cha platuni chache tu, kilishambuliwa kwa saa nyingi, na walinda amani wa Tanzania wasiopungua 14 wakauawa. Katika vituo vya namna hiyo anayeamua ni afisa aliyepo, mwenye cheo chochote alichonacho siku hiyo.

Kwa hiyo naegemea kwa wanaotaka apewe mapema, kwa sharti moja: akae. Luteni Usu abaki na platuni ileile walau miaka miwili, awaone askari wake wakifiwa, wakidaiwa, wakigombana, na asiondolewe kwenda kupanga mafaili makao makuu kwa sababu tu anaijua kompyuta. Wakuu wa vikosi watasema kuna darasa jipya linasubiri platuni hizohizo, na wana haki. Basi wengine waanze kama wasaidizi kwenye kombania wakisubiri zamu, kuliko kila mmoja kupewa miezi sita na kuandikiwa kwamba ameshaongoza.