Dau la kreti ya soda

Nani alinituma kubishana na shemeji yangu? Tuliwekeana dau la kreti ya soda, Idi ikifika nikiwa nimezidi kilo 80 nanunua mimi, nikiwa chini ananunua yeye, refa ni kijana wa mizani anayekaa pale stejini Bombo, na tunapima asubuhi kabla hatujala. Mie jioni ya mwisho ya mfungo nilishapima kimyakimya, sijaweka hata tone la maji mdomoni tangu alfajiri, nikakuta 79. Raha tupu.

Asubuhi ya Idi kijana hakutokea. Tukangoja wee, pilau ikaletwa nikala, likafuata matoke na mchuzi wa karanga nikala, shemeji anasukuma sahani kwangu, "kula shem, sikukuu hii", mie nadhani ni upendo kumbe mwenzangu yuko kazini. Juisi ya pasheni ndo usiseme. Saa tisa huyo kijana, mizani kwapani.

Nikapanda, 82! Shemeji kapiga kigelegele mpaka majirani wakatoka. Nikavua viatu, nikavua kanzu, nikabaki na bukta na singlendi mbele za watu, nikabana na pumzi (usiniulize kwa nini), 81. Nikakimbia chooni nikarudi, bado imezidi, maana kilichotoka ni cha jana, pilau ya leo yenyewe ndo kwanza iko tumboni haina haraka, na kila nikipanda kijana anataka mia tano yake.

Shangazi yao nesi mstaafu akanionea huruma. "Muacheni baba watoto, hayo si mafuta, kilo moja ya mafuta inataka kalori kama 7,700 za ziada, angekula pilau na sufuria yake! Hicho ni chakula na maji, na chumvi nayo inashika maji mwilini, akilala akakojoa akatoa jasho, kesho mtaona ameshuka."

Shemeji hata hakupepesa macho: "Dau lilisema kilo shangazi, halikusema za nini."

Jamani! Nikabeba kidumu cha maji cha lita tano nikakitua juu ya mizani, haya oneni wenyewe, lita moja kilo moja, hiki nacho kimenenepa? Mshale ukagota kwenye tano na kidogo, watu wakaitikia eeeh, nikajua hapo nimeshinda.

Kijana wa mizani akanyoosha mkono.

"Mzee, mia tano ya kidumu."