Mgombea Humphrey na Mwenzake wa Gomesi

Watu wengi wakipewa filamu huuliza kama inacheza. Mimi huuliza kava liko wapi.

Hapa Uganda swali hilo linakufanya uonekane hamnazo. Diski ya dukani ni ya kuchomwa kwenye kompyuta, inakuja ndani ya kimfuko cha plastiki chenye karatasi ya "ishirini kwa moja": mabaunsa, helikopta, moto nyuma yao, na jina la VJ, yule msimuliaji aliyeitafsiri kwa Kiganda, limeandikwa kubwa kuliko la mtu aliyeitengeneza. Sina ugomvi na ma-VJ. VJ hodari anaweza kuokoa filamu mbovu, na nimecheka vibandani mpaka nikatolewa nje. Ila mimi ni mtu wa filamu za kale, na nazitaka na boksi lake, kava lake, na mgongo wake unaosomeka rafuni.

Mgongo ndio ugonjwa wenyewe. Kava la DVD ya kawaida likitandazwa ni milimita 273 kwa 183, na katikati pana mgongo wa milimita 14. Waingereza na Wamarekani huandika mgongo kutoka juu kwenda chini, Wafaransa kutoka chini kwenda juu. Kwa hiyo ukiisoma rafu yangu, kichwa kinalalia kulia, ukifika kwa Wafaransa kinahamia kushoto. Dada yangu, ambaye naishi naye hapa Bombo, huwaambia wageni kwamba natibiwa shingo.

Diski zangu nyingi hutoka London, kwa rafiki anayezunguka maduka ya mitumba ya huko, maana Wazungu siku hizi wanazitupa. Zikifika hapa hazichezi. Waliogawa dunia kwa ajili ya DVD waliiweka Uingereza kanda ya 2, sisi wakatutupa kanda ya 5 pamoja na Urusi, India na Korea Kaskazini. Fundi mmoja akanifungulia mashine, sasa inakula chochote.

Lulu ya rafu ilikuwa The African Queen, ya mwaka 1951. Nitajizuia nisiseme sana. Humphrey Bogart ni nahodha mlevi wa kimashua kibovu, Katharine Hepburn ni dada wa mmisionari, na wawili hao wanateremka mto kwenda kuizamisha meli ya Wajerumani wakati wa Vita vya Kwanza. Bogart alipata Oscar kwa filamu hiyo, na hakupata nyingine maishani. Lakini kinachonifanya niishike kama cheti cha kuzaliwa ni kwamba John Huston alileta kamera hapa hapa: walipiga picha Kongo, kisha Uganda, Butiaba kwenye Ziwa Albert na kule maporomoko ya Murchison. Wasanii na mafundi waliugua matumbo karibu wote. Bogart na Huston walisalimika, na Bogart alipenda kueleza kwamba siri ilikuwa kunywa wiski badala ya maji. Zile sehemu za kuingia majini zenyewe zilipigwa studio huko Uingereza, kwa kuogopa maradhi ya mto wetu.

Haya. Jumapili moja jioni nachomoa boksi, naona tundu. Bogart yupo, Hepburn yupo, mashua haipo. Imekatwa kwa mkasi, kwa uangalifu mkubwa, na vipande vya majina ya wahusika vimeondoka nayo.

Nikamwita mpwa wangu, yuko darasa la tatu.

"Mwalimu alisema tulete vyombo vya usafiri wa majini," akasema.

"Si ungechora?"

"Mjomba, alisema picha ya kweli."

Akaleta daftari. Mashua yangu ilikuwa ukurasa mzima peke yake, imebandikwa kwa gundi ya unga wa muhogo, na gundi hiyo ikishakauka hata nyundo haiiachishi. Kando yake mwalimu alikuwa ameweka alama ya vema, nyekundu, ndefu, ya mtu aliyefurahi kweli.

"Kapata kumi kwa kumi," dada akasema kutoka jikoni, "na wewe unalilia karatasi. Ungekuwa unafuga kuku tungekuwa tunakula."

Sikulumbana. Kesho yake nikapanda taksi kwenda Kampala, Barabara ya Nasser.

Asiyeijua Nasser ajue kwamba hakuna kitu cha karatasi Uganda ambacho hakikupitia pale. Kadi za harusi, kalenda, risiti, na yale mabango ya Gaddafi na Saddam wakiwa na vifaru na ndege za kivita, tuliyoyatazama kwa vinyozi tukiwa watoto. Mashine zinanguruma ghorofani na chini kabisa, kwenye ngazi pananuka wino, na barabarani wamesimama madalali ambao hawaendeshi mashine yoyote lakini bila wao huipati mashine. Na huo ulikuwa msimu wa kampeni. Barabara nzima ilikuwa nyuso zinazotabasamu.

Dalali aliyenidaka alikuwa kijana wa Bunia, Kongo. Kusikia Kiswahili changu cha Bombo, ambacho hatukukisoma darasani bali tulikikuta kambini kwa wanajeshi, akanikumbatia.

"Mukubwa, hapa umefika. Kazi gani?"

Nikamweleza taratibu. Kava hili lina tundu. Mashua ya tundu iko kwenye daftari hili. Mashua irudi mahali pake. Majina yaliyokatwa haya hapa, nikamwandikia kwa mkono. Nataka nakala mbili, moja ya kutumia na moja ya akiba. Vipimo 273 kwa 183, milimita, mgongo 14. Nikapigia mstari neno milimita.

Akapiga picha vitu vyote kwa simu, akavirusha kwa mchoraji wa ghorofani, kisha akamtumia ujumbe wa sauti, na mimi nasikia kwa masikio yangu: "Ni ya watu wawili, mwanaume na mwanamke. Mbili tu. Mia mbili sabini na tatu kwa mia na themanini na tatu. Anataka mashua ionekane vizuri." Nikaona amefupisha, lakini cha msingi kimo. Nikaacha elfu ishirini za mwanzo.

Alasiri akapiga.

"Mukubwa, kazi imetoka. Kuja na mtu wa kukusaidia kubeba."

"Kubeba nini?"

Simu ikakatika.

Yalikuwa mabango ya turubai, mawili, yamekunjwa kama mikeka ya msikitini. Vijana wawili wakanikunjulia moja kwenye veranda, likavuka mlango, likafika kwa jirani. Sentimita 273 kwa 183. Karibu mita 5 za mraba kila moja, na Nasser turubai huuzwa kwa mita ya mraba.

Bogart alikuwa amevaa suti. Kofia yake chakavu ya unahodha na ndevu zake za siku tatu zilibaki, ila kuanzia shingoni kwenda chini alikuwa na koti la buluu, tai nyekundu, na mkono ulionyooshwa juu kuwapungia wananchi. Hepburn alikuwa ndani ya gomesi, lile gauni refu la heshima la akina mama wa Uganda. Gomesi ya zambarau, mabega yamesimama wima, kitambaa cha kiunoni kinang'aa, na niseme kweli, ilimkaa. Katikati yao mashua yangu, pembeni yake vema jekundu la mwalimu, limekuzwa likawa na urefu wa mkono wa mtu mzima. Nyuma yao barabara ya lami, kisima, na zahanati. Juu: HUMPHREY BOGERE, jina la watu wa Busoga, upande wa Jinja. Chini: ATATUVUSHA! Chini kabisa, kwa wino wa dhahabu, Kwa Mungu na Nchi Yangu.

Nikaomba kuonana na mchoraji. Akashuka kijana mpole, vipokea sauti shingoni, macho mekundu ya kukesha.

"Kuna tatizo, mzee?"

"Huyu ni Bogart. Si Bogere."

"Nilidhani umekosea kuandika. Wa Jinja, au?"

"Ni mwigizaji wa filamu. Marekani. Alifariki mwaka 1957."

Akatazama bango, akatazama daftari. "Mzee, mimi nimepokea mwanaume, mwanamke, alama ya mashua, na vema kando ya alama. Kila mgombea binafsi anakuja hivyo hivyo. Leo nimefanya kiti, saa, mpira na jogoo."

"Na hukuona kwamba ni Mzungu?"

Akajikuna. "Wagombea wote hutaka kung'arishwa uso kidogo. Nikadhani nyinyi mmeshang'arisha wenyewe."

Hapo hasira zikaanza kunitoka, maana nilipolitazama bango kwa jicho la mkusanyaji niliona hajapoteza kitu. Nusu ya kushoto ilikuwa upande wa nyuma wa kava, kwa uaminifu kamili. Maelezo ya hadithi ameyapa kichwa "Ilani". Lile onyo kwamba diski hii isionyeshwe hadharani bila kibali lilikuwepo, herufi zake kubwa kama kiganja, linasomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Hata mgongo aliuweka, sentimita 14 kamili. Tatizo aliuandika kutoka chini kwenda juu.

"Huu ni mgongo wa Kifaransa," nikamwambia.

Hakunijibu. Naona mpaka leo anadhani hilo ndilo lililoniudhi zaidi, na hakosei sana.

Nilikumbuka mabango ya Ghana ya miaka ya 1980, yale ya sinema za kuzunguka na jenereta, yaliyochorwa kwa mkono juu ya magunia ya unga. Wachoraji mara nyingi walikuwa hawajaiona filamu, wakaongeza nyoka na vichwa vinavyotoka damu kwa bidii yao wenyewe. Leo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanayagombania. Kwa hiyo nikajiambia, tulia. Kisha dalali akataja bei, utulivu ukaisha.

Tulivutana mpaka adhana ya magharibi. Silaha yangu ilikuwa moja: nani mwingine duniani atanunua Bogere? Ikabidi washuke hadi nusu ya walichotaka, wakanitolea na nakala mbili za kava lenyewe kwenye karatasi ngumu, milimita 273 kwa 183, zikiwa na suti na gomesi, kwa sababu mchoraji alikuwa ameshafuta picha za mwanzo.

Bodaboda ya kunifikisha kwenye stendi ya taksi ndiyo iliyofungua kampeni. Bango moja lilifunguka njiani, upepo ukalijaza, na Katharine Hepburn akapita katikati ya Kampala amepanuka mgongoni kwangu kama tanga. Watu walipiga miluzi. Mwanamke mmoja mwenye kikapu aliuliza gomesi hiyo kitambaa kapata duka gani.

Nyumbani nilikusudia kuyaficha chini ya kitanda. Dada ni mtu wa matumizi. Mvua ya Bombo hupiga kwa ubavu, veranda yetu haina ukuta upande wa barabara, na kabla sijanawa uso bango moja lilikuwa limeshapigwa misumari, picha ikitazama nje "ndio upande usiopitisha maji." La pili likaenda kwenye banda la mbuzi.

Asubuhi vijana wa steji ya bodaboda wakanipigia saluti. "Meneja! Bogere anakuja lini? Ataweka mafuta?" Nikasema si mgombea. Wakakonyezana, kila meneja husema hivyo mpaka pesa ifike. Mchana akina mama wawili walisimama mbele ya Ilani wakaisoma yote. Nilimsikia mmoja akisema hii ya kuteremka mtoni na kuizamisha meli ya adui haijawahi kuahidiwa na mtu hapa.

Usiku akaja mwenyekiti wetu wa LC I, yaani baraza la kijiji, sajenti mstaafu, ambaye mwaka huo alikuwa anautaka udiwani. Alikuja na fimbo na msaidizi. Hakukaa.

"Ndugu yangu, mimi na marehemu baba yako tulikula sahani moja kambini. Leo unaniletea mtu wa kutoka Jinja?"

"Afande, ni filamu."

"Kila mtu sasa ana filamu. Huyu mtu ni nani?"

Nikaona maneno hayatoshi. Nikamwekea kiti, dada akaleta chai ya tangawizi, nikatia diski. Mwanzoni aliangalia kwa macho ya upelelezi, anamnong'oneza msaidizi wake. Kisha Bogart akalewa. Akalewa vibaya, anaimba, anamtukana yule mama, na mwenyekiti akaanza kucheka taratibu, mabega yakitikisika.

"Huyu? Huyu ndiye anayenipinga mimi?" Akajipigia paja. "Andika," akamwambia msaidizi, "mlevi."

Ikafika asubuhi ile ya pili. Bogart anaamka kichwa kinamuuma, anafungua jicho moja, na Hepburn amekaa ukingoni mwa mashua na kreti la pombe ya jini, anamimina mtoni chupa baada ya chupa, hageuki, hasemi neno, huku mwanaume anambembeleza kwa sauti ya mtoto. Chupa tupu zinaelea nyuma ya mashua. Mwenyekiti aliacha kucheka. Akaweka kikombe chini, akavua kofia.

Alikaa hivyo mpaka chupa zikaisha.

"Mwanaume simwogopi," akaniambia hatimaye, akinisogelea asisikike jikoni. "Lakini niambie ukweli, mwanangu. Huyo mama wa gomesi, fomu amechukua au bado?"